Nusu ya Ukuta

Mtu akipiga simu kulalamikia runinga, mara nyingi huanza na hasira. Mzee Elinaja Mrutu wa Usangi alianza na vipimo.

"Ukuta wangu una upana wa mita tatu na sentimita arobaini," alisema. "Picha huwa inaujaza wote. Sasa hivi naona mita moja na sabini. Kwanza ilizimika yote, kama dakika mbili hivi. Halafu ikarudi nusu. Upande wa kushoto haujarudi."

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Tunsume Mwakajila.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nimeruka salamu. Kuna kipindi cha daraja jipya la Pangani, na daraja lenyewe limebaki upande nisiouona."

Tunsume alicheka kimyakimya. Alikuwa na mwaka wa sita kwenye meza za msaada za Kampuni ya Upeo, ghorofa ya pili, pale Iringa, na wateja wa kumchekesha hakuwa nao wengi. Akafungua fomu. Jina: Elinaja Mrutu. Umri: sabini na nne. Kazi: mpima ardhi mstaafu. Anaishi peke yake. Chini kabisa palikuwa na alama ndogo ya kufuli, nyekundu, ambayo Tunsume aliiona akaiacha kwanza.

"Tatizo lilianza lini hasa?"

Hilo lilikuwa swali la tatu kwenye fomu, na watu wengi hulijibu "juzijuzi tu" au "tangu mvua."

"Saa saba na dakika kumi na mbili. Nilitazama saa."

Sasa ilikuwa saa saba na nusu mchana. Tunsume aliandika, wakaanza kazi.

Runinga ya kioo Tunsume aliwahi kuiona moja tu, kwa bibi yake Tukuyu, imegeuzwa kabati la vikombe. Siku hizi kilichobaki ni kisanduku cha ukubwa wa kopo la maziwa kinachokaa juu ya rafu, na lensi mbili nyembamba ambazo mtu huzivaa machoni asubuhi kama anavyovaa saa. Kisanduku hutuma picha, lensi huipokea, na mwenye nyumba huiona imetandazwa ukutani. Asiye na lensi huuona ukuta mtupu.

"Kwenye kisanduku, taa ni ya rangi gani?"

"Kijani."

"Kizime, uhesabu hadi thelathini, ukiwashe."

Akamsikia akihesabu, bila kuruka namba hata moja. Kisanduku kikatoa mlio wake wa kuamka.

"Bado nusu," alisema mzee.

"Zitoe lensi, uzioshe kwa maji yake, uzirudishe."

Hilo lilichukua muda. Lensi moja ilidondoka, wakaitafuta pamoja, yeye akipapasa sakafuni na Tunsume akimngoja hewani, mpaka akaipata kwenye zulia. Bado nusu.

"Sasa fumba jicho la kulia. Kwa jicho la kushoto peke yake unaona nini?"

"Nusu ya kulia."

"Fumba la kushoto, ufumbue la kulia."

"Nusu ya kulia vilevile."

Kalamu ya Tunsume ikasimama. Lensi mbili haziharibiki upande uleule, dakika ileile. Ni kama viatu viwili kutoboka tundu la aina moja siku moja. Alitazama kioo chake cha kazi: kisanduku kilikuwa kinatuma picha nzima, na lensi zote mbili zilikuwa zinajibu kwamba zimeipokea nzima.

"Mzee wangu, huo upande wa kushoto ni mweusi?"

Mzee Mrutu alifikiri. "Si mweusi," alisema. "Wala si mweupe. Haupo."

Kabla ya kuja Iringa, Tunsume alisomea uuguzi mwaka mmoja na nusu, akaacha. Mengi yalikuwa yamemtoka. Lakini neno lile, "haupo," lilimkumbusha somo moja la asubuhi ya baridi, na mkufunzi aliyesema kwamba mgonjwa wa namna hii hakwambii kuwa haoni, maana hajui kwamba kuna kitu cha kuonwa.

"Toa lensi zote," alisema. "Tazama ukuta wenye madirisha. Yapo mangapi?"

"Mawili. Niliyapima mwenyewe."

"Unayaona mangapi?"

"Moja. La pili nadhani limefunikwa na pazia."

"Pazia lipo?"

"Hapana," alisema mzee taratibu. "Nyumba hii haina mapazia."

Kisanduku husoma mikono ya mtu badala ya rimoti: ukiinua mkono sauti hupanda, ukiushusha hushuka. Kwenye kioo cha Tunsume mikono hiyo huonekana kama nukta mbili za njano, basi. Akamwomba mzee ainue mikono yote miwili usawa wa mabega na kuishikilia kwa hesabu ya kumi. Nukta zikapanda pamoja. Ilipofika nne, ya kushoto ikaanza kushuka. Ilipofika nane ilikuwa imefika chini kabisa.

"Kumi," alisema Mzee Mrutu. "Nishushe sasa?"

Alidhani mikono yote bado iko juu.

*

Tunsume alimwambia ukweli. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu wengi walisahau kwamba ukweli ndio ulitangulia.

"Mzee wangu, si runinga. Nadhani ni kiharusi. Mshipa umeziba kichwani. Niruhusu nifungue taarifa za lensi zako, zinaona damu ndani ya jicho, zitatuambia mara moja. Halafu nikuitie hospitali."



"Hata wewe," alisema Mzee Mrutu.

"Mzee..."

"Mmekwisha kunipimia jeneza?"

Ndipo Tunsume akaielewa ile alama nyekundu ya kufuli, kwa maana mzee alimweleza yote, haraka, na maneno yake sasa yalikuwa yameanza kuwa mazito kidogo mwishoni, kama mtu anayeongea na kipande cha ndizi mdomoni. Mke wake, Namkunda, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza pale Usangi kuvaa lensi. Mwezi wa tatu wa kuzivaa, katikati ya tamthilia yake ya jioni, akaanza kuona matangazo ya majeneza. Majeneza ya mninga, sanda, maua ya plastiki. Mumewe alikuwa amekaa kando yake kwenye kochi moja, naye anaona matangazo ya sabuni.

"Akaniuliza, 'Baba Niko, mbona mimi wananionyesha majeneza?' Tukacheka, mwanangu. Tulicheka wiki tano, kisha nikamzika. Lensi zilikuwa zimeshaujua ugonjwa wake, zikawaambia wauza majeneza kabla ya kumwambia yeye."

Tunsume aliijua kesi ile. Wafanyakazi wote waliijua. Kwa sababu ya akina Namkunda, matangazo yale yalipigwa marufuku na ikatungwa sheria kwamba mtu yeyote anaweza kutia kufuli taarifa za mwili wake, na likishatiwa hakuna anayeruhusiwa kulifungua bila kauli yake. Lakini hakuwahi kusikia sauti ya mtu aliyekuwa amekaa kwenye kochi lile.

"Nazungumza vizuri," alisema mzee. "Nimekaa vizuri. Siumwi popote. Mimi nakwambia runinga, wewe unaniambia kichwa. Kufuli langu msiliguse, na hospitali siendi."

Bi. Leokadia, msimamizi wa zamu, alikuwa amekuja akasimama nyuma ya kiti cha Tunsume. Alikuwa mwanamke mfupi asiyepaza sauti. Akaibonyeza simu sauti zao zisimfikie mzee.

"Ninao ufunguo wa dharura," alisema. "Tufungue. Mtu anakufa, kufuli la nini?"

"Amekataa, Bi. Leokadia."

"Amekataa kwa ubongo unaokosa damu. Hapo anayekataa ni yeye au ni ugonjwa?"

Swali hilo Tunsume hakulijibu siku ile, na hata leo hajalijibu vizuri. Mzee hakujua kwamba mkono wake umeshuka. Angejuaje kwamba anahitaji daktari? Lakini kiapo cha kufuli alikula miaka mitatu nyuma, akiwa mzima, mbele ya hakimu, kwa sababu anayoijua. Kiapo kile hakikuwa cha mgonjwa. Kulifungua kufuli kwa siri kungekuwa kumfanyia lilelile alilofanyiwa mkewe: watu wa mbali kuujua mwili wake nyuma ya mgongo wake. Kumwacha kungekuwa kumzika kwa heshima. Na njia ya tatu ilikuwa pale mdomoni mwake, rahisi, chafu.

Akabonyeza simu.

"Mwanangu, bado upo?" aliuliza Mzee Mrutu. Sauti yake ilikuwa imepungua hasira na kuingia woga. "Niambie kweli. Ni runinga, au si runinga?"

"Ni runinga, mzee wangu," alisema Tunsume. "Nimeliona kosa sasa hivi. Nisamehe kwa kukutisha. Namtuma fundi."

"Kanuni ya nne: mteja hadanganywi," alinong'ona Bi. Leokadia, simu ikiwa imebonyezwa tena. "Simu hii inarekodiwa."

"Najua," alisema Tunsume. "Andika jina langu peke yake."

*

Kwenye fomu palikuwa na jina la pili, la mtu anayeruhusiwa kufunguliwa mlango: Naetwe, jirani. Tunsume alimpigia kwa simu nyingine. Naetwe alikuwa shambani akichimba tangawizi. Yeye aliambiwa ukweli wote kwa sentensi tatu, na hakuuliza la nne. Tunsume alizisikia pumzi zake akipanda mteremko mbio, kisha mlango, kisha sauti iliyotulia kama ya mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Baba Niko, habari za mchana?"

Halafu chinichini, kwenye simu: "Dada, chai imemmwagikia shati lote la upande wa kushoto. Hana habari."

Ndege ya wagonjwa aliyoiomba Tunsume, ile isiyo na rubani, ilitoka Moshi na mhudumu mmoja, ikatua kwenye uwanja wa kanisa chini ya nyumba. Tunsume aliendelea kuongea na mzee muda wote huo. Alimuuliza habari za daraja. Mzee akamweleza jinsi zamani mto ulivyopimwa kwa kamba na vigingi, na jinsi alivyowahi kukosea sentimita mbili akarudi kilomita kumi na nne kwa miguu kurekebisha.

"Fundi wenu amevaa kama daktari," alisema ghafla.

"Ndiyo sare yao mpya," alijibu Naetwe. "Twende, Baba Niko. Lensi zinabadilishwa Moshi, hapa hawana vifaa."

Hivyo uongo ukapata mtu wa pili wa kuubeba. Tunsume alisikia hatua za mzee kwenye changarawe, mguu mmoja ukikanyaga, mwingine ukiburuta, na Naetwe akihesabu ngazi kwa sauti, mpaka wote wawili wakapanda ndege.

Saa nane na dakika kumi na nane daktari wa Moshi alichukua simu kutoka mkononi mwa Naetwe. Alikuwa na swali moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa chache tu tangu dalili ya kwanza, na asiyejua dalili ilianza lini hapewi, kwa sababu inaweza kumuua.

"Nani anajua ilianza saa ngapi?"

"Saa saba na dakika kumi na mbili," alisema Tunsume.

"Una uhakika gani?"

"Alitazama saa. Ni mpima ardhi."

Daktari alikata simu bila kuaga. Tunsume alivua vipokea sauti, akatoka hadi kwenye ngazi za nyuma, akakaa. Alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akamshukuru Naetwe asiyemjua sura, na mtu aliyetunga fomu ile akaweka swali la tatu, na hata yule mkufunzi mkali wa uuguzi aliyekuwa akiwagongea meza kwa rula. Bi. Leokadia akaja na kikombe cha chai, akakaa ngazi ya chini yake. Kwa hilo pia alishukuru.

*

Siku ya nne Mzee Mrutu aliruhusiwa kupokea simu. Tunsume alikuwa ameandaa hotuba nzima, ikamtoka yote kichwani.

"Mzee wangu, nilikudanganya. Haikuwa runinga."

"Nimeambiwa."

"Nimepiga ili usikie kwangu mwenyewe."

Alimsikia akivuta pumzi. Maneno yake yalikuwa yamerudi karibu yote.

"Daktari ananiambia ningechelewa saa mbili, leo hii ningekuwa nimelazwa mahali pengine, na Naetwe angekuwa anapika uji wa matanga," alisema. "Nimekaa na jambo hili siku tatu. Nimeligeuza huku na huku. Nakushukuru kwa uhai wangu, mwanangu. Nakushukuru kutoka moyoni, wala sitachoka. Lakini kwa uongo sikushukuru. Nilikuuliza nikiwa na hofu, nikakuomba kweli, ukanipa kitu kingine. Hayo ni mambo mawili. Usiyachanganye, na mimi sitayachanganya."

"Ndiyo, mzee."

"Ungefanya tena?"

Tunsume alifumba macho. "Ndiyo," alisema. "Na ningekupigia tena siku ya nne."

Mzee Mrutu akatoa sauti ambayo hakuweza kujua ni kikohozi au kicheko.

Kamati ya nidhamu ilikaa wiki iliyofuata. Barua ya mteja ilisomwa mbele ya wote, nayo ilikuwa na maneno yaleyale: uhai nashukuru, uongo sishukuru. Karani alitumia nusu saa akiuliza aiweke jalada la pongezi au la malalamiko. Mwishowe waliitolea nakala, wakaiweka kote kuwili. Tunsume alipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye simu miezi miwili. Alisaini bila kubishana, maana hukumu ile aliiona ya haki, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kabla hajaingia.

Barua ya mzee ilikuwa na ukurasa wa pili. Humo alieleza, kwa mchoro uliopigwa kwa rula, kufuli analolitaka: taarifa za mwili wake zisiende kampuni, zisiende hospitali, zisiende kwa muuzaji yeyote. Ziende kwa mtu mmoja aliyemchagua, na wakati uleule zimfikie yeye mwenyewe, kwa maneno ya wazi. Kampuni haikuwa na kufuli la namna hiyo. Tunsume, aliyekuwa hana simu za kupokea, aliuchukua mchoro ule akaupeleka kwa wahandisi wa ghorofa ya tatu, akarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka wakaona heri kulitengeneza kuliko kumwona mlangoni.

*

Mwezi wa tisa kampuni ilimtuma Usangi kulifunga kufuli la kwanza. Alifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Naetwe alimpokea barabarani. Alikuwa kijana zaidi ya sauti yake, na walikumbatiana kabla ya kutajana majina.

Mzee Mrutu alitembea kwa fimbo. Mkono ulikuwa umerudi, mguu umerudi kiasi. Upande wa kushoto wa macho haukurudi, na madaktari walisema hautarudi. Picha ya runinga Tunsume aliihamishia upande wa kulia wa ukuta, akaipunguza upana hadi mita moja na sabini, na mzee akaisimamia kazi hiyo kwa futi kamba, akimrekebisha mara mbili. Kufuli lilipokuwa tayari, Tunsume alimsomea kila neno kabla hajaligusa. Taarifa ya kwanza ikaingia kwa Naetwe na kwa mzee kwa pamoja: presha iko juu kidogo, kunywa dawa.

"Nilikuwa nimeisahau," alikiri Mzee Mrutu, akanyanyuka kuifuata.

Wakanywa chai ya tangawizi uani. Viti vilikuwa vitatu, na kilichobaki kwa Tunsume kilikuwa kile cha kushoto. Mzee alikuwa akieleza habari za sentimita mbili zilizompeleka kilomita kumi na nne, akimweleza Naetwe aliyekwisha kuisikia mara nyingi. Katikati ya hadithi akasita.

"Mgeni wetu ameondoka?"

"Niko hapa, mzee wangu," alisema Tunsume. "Nimekaa kushoto kwako, upande usiouona. Nihame?"

"Usihame."

Akaweka kikombe chini. Akashika mkono wa kiti na kuanza kugeuka, kichwa kwanza, kisha mabega, kisha kiuno, taratibu kama mtu anayezungusha chombo cha kupimia ardhi, akimpita kwa macho mbuzi wa uani, akiupita mlango, akimtafuta, mpaka uso wake wote ukawa umemwelekea.

"Ahaa," alisema. "Kumbe ndiye wewe."

Na akakaa hivyohivyo, amepinda kitini, akimtazama, mpaka chai yake ikapoa.